Shilingi ya Barafu

Oldham, Januari, mwaka ule theluji ilipokataa kwenda kwao,
Bwana Ormerod, mkusanyaji, alibwaga sanduku kwenye meza yangu ya michoro,
akalipindua:
shilingi kumi na moja,
kifungo cha koti,
kutu.
"Mita inasema gesi ya shilingi arobaini imetumika.
Nyingine ziko wapi, Bi Hallsworth?
Au mashine yako imeanza kunywa?"

Nilitia kidole ndani ya sanduku.
Kikatoka na unyevu.

Mita ile niliichora mimi. Najua kinachopita kooni mwake:
kitu cha duara, upana wake pungufu kidogo ya inchi,
unene wa kola ya shati.
Ukizungusha kitasa, sarafu inakaa kati ya meno mawili,
inakuwa daraja, jino linasukuma jino,
gesi inafunguka.
Haimjui malkia. Haisomi mwaka.
Haina macho, ina mwanya tu,
na mwanya una dini moja: mkono mtupu haulambwi.
Mkono uliojaa maji sikuufikiria.

Nilikwenda mwenyewe, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha pamba.
Edna Tattersall alinifungulia, mtoto kiunoni,
pumzi zao zikionekana ndani kama nje.
Hakuficha kitu. Nje ya dirisha la jikoni
kulikuwa na mche wa sabuni uliogandamizwa shilingi,
mashimo sita,
na kila shimo maji yaliyolala nje usiku kucha.

Fundi alikuwa Clifford, miaka tisa, kamasi puani.
Aliniuliza mbona zinavunjika akizungusha kwa haraka.
Nikajibu kabla sijakumbuka nalipwa na nani:
"Yachemshe maji kwanza. Hewa ikitoka, barafu inakaza."
Akanitazama.
"Kwa gesi gani?"

Kisha akatumbukiza moja, taratibu,
ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, kama mtu anayetunga uzi sindanoni,
na baridi ikanunua moto.
Mwali wa buluu ukasimama. Mtoto akanyoosha viganja.
Ndani ya sanduku ushahidi ulikuwa tayari tone,
na maji yakimwagika hayazoleki,
hata kwa daftari la Bwana Ormerod.

Dawa ninayo. Iko kwenye droo ya chini tangu hamsini na nane:
mzani mdogo, mikono miwili, jiwe la risasi upande wa pili.
Chenye uzito kinainamisha mkono na kupita,
chepesi kinatemwa.
Waliukataa wakati ule: peni tisa zaidi kwa kila mita.
Sasa wanautaka Ijumaa.

Clifford alinipa shilingi moja ya kwenda nayo.
Niliibeba mkebeni, kati ya theluji, hadi ofisini,
nikaiweka kwenye mizani ya maabara.
Nane kama hiyo, na kipande cha ya tisa,
ndipo zilingane na shilingi moja ya serikali.
Niliandika tarakimu.
Nilipoinua kichwa, tone lilikuwa limeponyoka ukingoni mwa sahani
na tarakimu imekuwa ya uongo.
Nikapima tena. Nikafuta. Nikapima.

Ijumaa nikawaambia mkono wa kushoto una msuguano.
Ijumaa iliyofuata, risasi haikuwa safi.
Mzani ni kitu cha haki, nikasema, hauharakishwi;
na Bwana Ormerod, ambaye si mjinga,
alifunga daftari, akaniomba chai.

Niliuchora vizuri. Sijui kuchora vibaya.
Hata njia ya kilichokataliwa niliilainisha,
kirudi mkononi mwa mwenyewe bila ufa.
Mita mpya zilifungwa mwezi wa tano,
madirisha yote ya mtaa yakiwa wazi,
na sabuni, nadhani, wameshaifulia.